Aliyenifundisha Kukunja Karatasi

Nyinyi vijana mnaoisoma safu hii huku mkisubiri mizigo yenu hapa Xiaobei, mtaa wetu wa Guangzhou, China, leo kaeni kitako. Simu imeingia kutoka Morogoro: mwalimu wetu wa historia, yule binti aliyekuja Guangzhou kusomea shahada, amefariki kwa maradhi. Nimelia, nimemaliza. Sasa nataka kumsimulia, na maneno yanaipita kalamu mbio.

Mwaka juzi wafanyabiashara wetu walikutana sebuleni kwetu, mume wangu akiwa mwenyekiti. Wakala wa mizigo alileta mkataba wa kontena la jinzi za Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, wote kwa Kichina, na wanaume tayari kalamu mkononi, maana kukiri mbele ya wenzio kwamba hujui kilichoandikwa ni aibu. Sisi wanawake, ambao nusu ya jinzi zile zilikuwa zetu, tulikuwa jikoni. Ndiyo desturi. Mwalimu alikuwa akinimenyea vitunguu thomu huku akinihadithia habari za mke wa rais mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa.

"Alichaguliwa na nani?" nikamuuliza.

"Na mumewe tu, Bibi. Wanawake hata kura hawakuwa nayo. Lakini alisoma magazeti, akayakunja habari nzito ikae juu, ndipo akampa rais. Na Ikulu hakutaka dansi wala pombe kali."

"Huyo ningemwoza mwanangu."

Nikainuka na sinia la chai. Mkataba nikauondoa mezani, eti usimwagikiwe, nikaja nao jikoni. Mwalimu, ambaye Kichina alikwisha kukisoma, akapitisha kidole mpaka mahali akasita: mzigo ukilowa njiani, hasara ni yetu. Akayaandika hayo pembeni kwa penseli, kwa Kiswahili. Nikaukunja, mstari ule juu, nikauweka chini ya kikombe cha mume wangu. Akasoma, akakohoa, akamgeukia yule wakala, bosi wa Kichina. "Laoban, hapa pabadilike." Pakabadilika. Mmoja wa wanaume akasema, "Mwenyekiti, chai ya leo imesoma."

Jikoni nikawa nachekelea kama bibi harusi. Mwalimu hakucheka. "Sijamaliza, Bibi. Yule mke wa rais alimiliki watumwa. Akili yote ile, na wao haikuwafaa kitu. Na wewe umemnong'oneza mumeo. Hawa wenzio wamejua nini?" Nikawatazama. Walikuwa wanasukuma chapati, wala hawakujua mali yao ilitaka kuzama.

Basi jueni: ushawishi wa mlango wa nyuma humfaa anayekaa karibu na mlango. Wengine huachiwa chapati. Nilijua tangu siku ile, nikanyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Jana mume wangu aliitisha kikao kingine. Nimetoa amri nyumbani: kila mwenye mzigo, wake kwa waume, akae kitini, mkataba usomwe kwa sauti, na chai apike mwenyekiti.