Tawi Mlangoni pa Mama Ryan

Mtu wa Waithaka, hapa Nairobi, akikuambia Mama Ryan haogopi kitu, muulize alimwona lini mara ya mwisho. Ni kweli yeye ndiye aliyemnasa mwizi wa jogoo wa mchungaji, akamtoa jogoo mwenyewe, mzima, bafuni kwa kiongozi wa kwaya. Ni kweli pia kwamba tangu siku hiyo ploti nzima humwita Inspekta, na nguo ikipotea kambani haitwi polisi, anaitwa yeye. Lakini asubuhi moja, Krismasi ikiwa imebisha hodi, Inspekta wetu alifungua mlango akiwa na beseni la maji machafu, akaona kitu, akaubamiza mlango na kujimwagia maji yote miguuni.

Tawi. Tawi bichi lenye majani yake, limesimikwa ardhini mbele ya kizingiti, mahali ambapo jana jioni hapakuwa na kitu.

Najua utasema, tawi tu? Haya, sema. Wewe hukulelewa Vihiga na nyanya kama wake. Nyanya yule alimfundisha kwamba ukiamka ukute kitu kimepandwa mlangoni pako, na hakuna anayesema amekipanda, usiulize ni nani. Uliza ni nini kimezikwa chini yake. Peres, maana hilo ndilo jina lake, ni mjane, ni mama wa kanisa na ana leso ya akina mama wa kanisa, na alijua vizuri kabisa kwamba mtu aliyeokoka haogopi vijiti. Alijua, na akafunga komeo vilevile.

Tena alikuwa peke yake. Ploti ile ina vyumba vya kupanga vilivyopangana mistari miwili, na Desemba ikifika vyote hufungwa kufuli, watu wote wameenda ushago, kwao mashambani. Hata Kasyoki, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshafika Kitui. Ryan, mwanawe, alikuwa kwenye zamu Kilimani, na mabosi wa Kilimani hawajui likizo za watu wengine. Peres mwenyewe hakusafiri kwa sababu ya zipu. Ana kibanda kule mjini, ndani ya korido moja ya upande wa River Road, anatengeneza mabegi na masanduku. Mkenya hukumbuka kwamba zipu ya sanduku lake imekufa siku moja kabla ya safari. Msimu huo ndio unaomlisha Peres mpaka Pasaka.

Basi waliobaki walikuwa wawili, yeye na mwenye ploti. Mwenye ploti anaitwa Haron, wengi humwita Baba Shiko, mzee wa makamo aliyefiwa na mkewe, mtu wa hapo hapo Waithaka tangu babu yake. Anaishi nyumba ya mbele na mbuzi wake na shamba lake dogo la sukuma wiki. Na hapa nitasema mimi, maana Peres hangesema hata ukimpa chai ya maziwa matupu: alimpenda. Alimpenda kwa siri na kwa hasira. Haron alikuwa mtu wa kukutengenezea mfereji wa paa kabla hujalalamika, wa kukuletea nduma za kuchemsha Jumapili, halafu asimame mlangoni akipapasa kofia, aseme mvua imepungua, aende zake. Miaka imepita mvua ikipungua na kuongezeka, na neno lingine halijatoka. Peres alikuwa amekata tamaa, lakini kila akisikia lango likilia alichungulia dirishani. Kuhama nyumba ile angeweza. Kuacha kusikia lile lango ndiko kulikomtisha.

Sasa tazama uchunguzi wa mtu aliyeshikwa na woga. Alitoka akiwa ameshika Biblia mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Tawi lilikuwa limekatwa kwa panga kali, mara moja tu, bila kuchanika. Udongo umeshindiliwa vizuri. Limemwagiwa maji! Na pembeni kulikuwa na alama ya gambuti, buti la mpira la shambani, kubwa, wazi kama muhuri. Ploti nzima ilikuwa na mtu mmoja mwenye gambuti. Mtoto wa nasari angekamilisha kesi hiyo kabla ya uji kupoa. Peres aliangalia ile alama, akaangalia nyumba ya mbele, akasema moyoni, wachawi wa siku hizi wanavaa hata gambuti. Baba Shiko hakuingia kwenye orodha ya washukiwa, kwa sababu moyo wake ulikataa kumwandika.

Akaenda kazini. Alishona mshono wa begi la mtu juu chini, akafungua, akarudia. Obuya, fundi wa saa anayekaa naye kwenye korido hiyo, alimwona.

"Mama Ryan, leo mkono yako inacheza nini?"

Akamwambia yote. Na hilo lilikuwa kosa, maana Obuya akiona cheche humwaga petroli, si kwa ubaya, ndivyo alivyoumbwa. Alivua miwani yake ya jicho moja ya kutazamia saa, akashusha sauti.

"Hiyo si mchezo, dada. Mtu akipanda kitu kwa mlango yako na hajionyeshi, huyo anapima."

"Anapima nini?"

"Kwani ni nini hupimwa yenye inatosha mtu akiwa amelala?"

"Obuya, ushindwe!"

"Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu. Lakini kama ni mimi, naichoma. Na mafuta ya taa. Na niimbe, sababu hizo vitu haziskizangi kelele ya dini zikabaki."

Peres aliteremkia Dagoretti Corner akanunua mafuta ya taa na chumvi ya mawe, na muuza duka akamtakia Krismasi njema, naye akasahau kujibu. Alifika nyumbani jua bado lipo. Tawi lilikuwa pale pale, na majani hayajanyauka hata kidogo. Mtu alikuwa amelimwagia maji tena. Alipita kando kwa kando akiwa ameegemea ukuta, akaingia, akasukuma kabati nyuma ya mlango, akalala na taa ikiwaka. Kama kulala ndiko kule.

Asubuhi aliamshwa na mlio. Meee.

Alibaki amelala, shuka mdomoni, akiomba iwe ni redio. Meee. Akachungulia pazia kwa jicho moja. Kando ya tawi kulikuwa na mbuzi jike mchanga, hajawahi kuzaa, ngozi inang'aa, amefungwa kamba mpya. Hakuwa mmoja wa mbuzi wa Baba Shiko, hao Peres anawajua hata kwa tabia. Huyu alikuwa mgeni, na alikuwa akiutazama mlango kana kwamba ameambiwa amsubiri mtu.

"Mama wee," Peres akasema kwa sauti ndogo. Kafara, sasa imefika kafara. Akampigia simu Kasyoki wa Kitui, na hofu ikamfanya aseme lile ambalo jirani hamwambii jirani. Alimuuliza kama lile tawi mlangoni ni dawa yake aliyoiacha.

Kasyoki akacheka mpaka akakohoa. "Inspekta! Kwa sababu mimi ni Mkamba kila kijiti ni yangu? Sikiza, Mkamba akisafiri anabeba dawa zake zote. Ningekuachia wewe ziharibike?"

"Kasyoki, mimi naogopa. Sicheki."

"Woi, pole dada yangu. Pole sana. Basi mwambie Baba Shiko aangalie."

Angemwambia, lakini Baba Shiko hakuonekana. Siku zote saa hizo yuko nje anakatia mbuzi majani, na salamu yake hufika kabla ya jua. Leo nyumba ya mbele ilikuwa kimya, mapazia yamefungwa. Peres akawaza, pengine yeye ndiye waliyeanza naye. Pengine amelala mle ndani, amekufa. Hapo ndipo hofu ilipogeuka. Mpaka wakati huo alikuwa akijiogopea yeye mwenyewe, sasa akawa anaogopea mtu mwingine, na hiyo ndiyo iliyomtoa nje. Alimfungua mbuzi, akamfukuza kwa ufagio. Akaling'oa tawi. Akalimwagia mafuta ya taa, akawasha kiberiti, kikazimika, akawasha kingine, na tawi lilipoanza kushika alianza kuimba. Aliimba pambio, akaimba nyimbo za Krismasi, akaishiwa, akaimba hata zile za mazishi, akirushia chumvi motoni na kulia machozi ambayo mengine yalikuwa ya moshi.

Tawi likawa majivu. Ungedhani hofu ingeisha. Ilikaa tu. Aliyelipanda angerudi, na kesho angepanda nini? Pale aliposimama na ufagio wake aliamua kuhama. Angekwenda kwa dada yake Vihiga, mabegi ya watu yatengenezwe na wengine. Alipofikiria lango lile likilia bila yeye kuwepo, alitaka kughairi. Hata hivyo akajifunga leso akaenda nyumba ya mbele kutoa notisi, na kuona kama mtu yule yu hai.

Alibisha hodi, akangoja sana. Haron akafungua. Alikuwa hai, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika.

"Baba Shiko, nilidhani umekufa."

"Bado," akasema Haron.

"Nimekuja kukupea notisi. Nahama mwisho wa mwezi."

Haron aliangalia chini. Kofia ilikuwa mkononi, na vidole vikaanza kuipapasa ukingo wote, kuzunguka, kuzunguka.

"Si lazima uhame, Mama Ryan. Juu ya tawi tu? Ulishachoma. Mimi nimeelewa."

Peres alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Akaufunga. Inspekta aliyekuwa amekimbia siku mbili hizo alirudi, akakaa kitako kichwani mwake.

"Baba Shiko. Mimi sijakuambia habari ya tawi."

Nyuma ya Haron, kando ya ukuta, gambuti zilikuwa zimesimama zikiwa na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Na uani, amefungwa kwa kamba ile ile mpya, mbuzi yule mgeni alikuwa akila sukuma za mwenye nyumba kwa raha zake.

"Ni wewe?" Peres akasema. "Ni wewe! Siku mbili, Haron! Siku mbili silali, sili, nimemtusi jirani yangu wa Kitui, nimesukuma kabati peke yangu mpaka mgongo umelia! Nimekukosea nini mimi, unizikie vitu mlangoni?"

"Kuzika?" Haron alishtuka hasa. "Ni nani amezika? Ni tawi, Mama Ryan. Kwetu mwanamume akitaka msichana wa boma fulani, anapanda tawi hapo kwao, analeta na mbuzi. Ni kusema tu, huyu nimemwona, wengine waniachie. Hata watoto wanajua."

"Watoto wa nani?"

Haron akafikiri. "Wa huku," akasema polepole, na ukaona jambo hilo linamwingia kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Peres alikalia kiti bila kukaribishwa. "Na mdomo? Mdomo ulikuwa umefungwa zipu? Hiyo si ungeniletea, ndiyo kazi yangu."

Mzee hakucheka. Aliweka kofia mezani, ikawa mara ya kwanza kumwona akizungumza bila kitu mkononi.

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Nikuje kwa mlango yako niseme nakutaka, utanijibu nini? Utafikiria kwanza utalala wapi. Unaweza sema ndiyo sababu unaogopa kufukuzwa, na mimi nisijue mpaka kufa. Nikafikiria hiyo miaka yote. Nikaona tawi ni afadhali. Kama hunitaki, unang'oa tu, hakuna mtu anakuangalia uso. Tunasalimiana kesho kama kawaida." Akatazama uani. "Sikujua utachoma. Tena na nyimbo."

"Ulinisikia?"

"Nilikuwa hapa kwa dirisha. Nilisikia yote. Ulipofika kwa ile ya mazishi nikaenda kulala."

Hapo Peres alitaka kucheka, na kicheko kikatoka na kulia pamoja, akajifuta kwa ncha ya leso. Mtu huyu alikuwa amekaa nyuma ya pazia akitetemeka kama yeye alivyotetemeka nyuma ya kabati, na kati yao kijiti. Alimwogopa mchawi siku mbili, na hakuna lililomfikia. Sasa hakuna mchawi, kuna mwanamume tu aliyesimama mikono mitupu akingoja, na moyo wake ulikuwa ukidunda kuliko asubuhi. Maana mchawi unamchoma. Huyu utamfanya nini? Alikuwa amemzika mume mmoja, alijua inavyouma. Angeweza kuinuka aseme asante, aende, na lango lingeendelea kulia kila jioni, na mvua ingepungua na kuongezeka mpaka mmoja wao azikwe. Alipomtazama Haron usoni aliona kwamba angekubali hata hilo, na kesho angeleta nduma.

"Hiyo sukuma yako inaisha," Peres akasema.

"Wacha iishe."

"Haron."

"Ndiyo."

"Panda tena." Akainuka kitini. "Lakini upande mchana. Nikiwa nimesimama hapo naona ni wewe."

Haron hakusogea. Aligeuza kichwa polepole, akatazama mlango uliokuwa wazi na jua lililojaa uani mpaka miguuni pa mbuzi.

"Sasa ni mchana," akasema.

Peres alikuwa bado anatetemeka.

"Naona," akajibu.