Mada Iliyofutwa kwa Chaki

Naikumbuka Jumatatu ile, mwanangu, Mwalimu Charo alipoingia darasani bila kitabu, mkononi ana chaki na kifutio tu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya themanini. Nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya bweni wilayani Kilifi, na mtihani wa historia ulikuwa umebakiza wiki chache.

Wewe huniita shangazi na kunipa shikamoo kana kwamba nina mvi. Sina. Lakini juzi ulipokuja kwangu Bofa, ukaketi ukichekacheka na kuniambia, "Shangazi, tumeshaambiwa ya kusoma na ya kuacha kwa ajili ya mtihani, kazi imekuwa nyepesi," nilipandwa na hasira niliyodhani imekufa zamani. Sikukujibu, maana ningekufokea bure. Nakujibu leo. Kaa kitako, nitasema kama mzee ingawa umri haujaniruhusu.

Mwalimu Charo aliandika mada zote za miaka minne, ubao ukajaa juu hadi chini. Kisha akashika kifutio.

"Hii ilitoka mwaka juzi, haiji." Akafuta. "Hii ndefu, itawapotezea wakati." Akafuta. Kila alipofuta tulipiga makofi. Mtu aliyebeba mzigo hamuulizi anayempunguzia anapunguza nini.

Akafika palipoandikwa upinzani wa Wagiriama dhidi ya Waingereza. Akatabasamu. "Na hii ni mambo ya kwenu huku. Watunga mtihani wako Nairobi, hawana haja na habari za Vitengeni." Akapitisha kifutio, vumbi la chaki likamwangukia kiatuni.

Darasa zima likacheka. Nami nilitazama waliokuwa wakicheka, nikaona zaidi ya nusu yao wametoka Vitengeni, Ganze, Bamba, katika nyumba ambamo hadithi hiyo huelezwa kabla mtoto hajaota meno ya pili.

Kando yangu aliketi Kadzo, rafiki yangu, aliyenizidi akili kwa kila somo, na nasema hivi bila unyenyekevu wa uongo. Baba yake alifanya kazi ya kuvuna chumvi kule Marereni. Alikuwa amemwambia waziwazi: ukipata nafasi ya kidato cha tano, nitajikaza nikusomeshe, ukikosa, wadogo zako nao wanangoja zamu, utakuja tufanye kazi pamoja. Kwa hiyo mtihani ule kwake ulikuwa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa mmoja.

Kadzo akaninong'oneza, "Mimi hiyo ningeisoma."

Mimi, ambaye sijawahi kujua kunong'ona, nikanyoosha mkono. "Mwalimu, nani amekuambia haitatoka?"

"Uzoefu, binti."

"Uzoefu wa kutunga mitihani, au wa kuotea?"

Wavulana wa nyuma wakaguna, "Uuuh!" Mmoja akasema, "Wakili wa Ganze amesimama!" Mwalimu hakucheka. Alinionyesha mlango kwa ile chaki, nikasimama juani mpaka kengele ikalia.

Kadzo alinifuata nje na kikombe cha maji. "Mdomo wako utakuponza. Mwalimu ana miaka yake katika kazi hii."

"Na akikosea?"

"Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua! Na mkuu akisema uongo, guu linavunjika la nani?"

Akanicheka. "Wewe hata siku ya kuolewa utamuuliza kadhi au padri kama ana ushahidi." Kisha akaenda kudurusu zile mada zilizobaki ubaoni, hizo tu, kwa bidii ambayo sijaiona tena kwa mtu. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, mwanangu. Kumbuka neno hilo, maana ndilo linaloniumiza: alilelewa vizuri.

Siku ya mtihani ikafika. Swali lenye alama nyingi kuliko yote lilituambia tulinganishe namna jamii mbili za Afrika Mashariki zilivyoupinga utawala wa kikoloni. Jamii mbili. Sisi tulikuwa tumevihifadhi Vita vya Maji Maji kama sala, sababu zake, mwendo wake, matokeo yake, maana katika habari za upinzani ndivyo pekee vilivyobaki ubaoni. Ya pili ilikuwa imefutwa.

Wallahi, ungeuona ukumbi ule! Watoto wa pwani, wajukuu wa watu waliokataa kupelekwa kazi za lazima, watu waliokula kiapo, wakachomewa nyumba, wakanyang'anywa mbuzi, wakahamishwa kutoka ng'ambo ya Mto Sabaki, wamekaa wanatafuna kalamu wakitazama dari. Wanatafuta jamii ya pili!

Mimi niliiandika. Usinisifu, sikuandika kwa hekima. Niliandika kwa ubishi, kwa kuwa nilitolewa nje kwa ajili ya mada ile, nikaapa nitaisoma hata isipotoka.

Tulipotoka nilimshika Kadzo mkono. "Jamii ya pili umeweka ipi?"

"Sikuweka."

"Kadzo! Babu yake baba yako si alivuka mto usiku na ng'ombe mmoja? Si wewe uliyenihadithia?"

Akaangalia chini. "Nilijua. Nilikumbuka hata mahali walipovukia. Lakini si ilifutwa? Nikaona nikiiandika watasema nimeandika ngano za nyumbani."

Mtu anaweza kukosa swali kwa kuwa hajui, na hilo si aibu. Huyu alijua, akakaa na jibu lake kimya, kwa sababu mtu mwenye chaki alimwambia kwamba alichokijua hakihesabiki.

Matokeo yalipokuja, Kadzo alikosa nafasi ya kidato cha tano kwa tofauti ndogo sana. Swali lile peke yake lingemvusha. Mwalimu Charo alitukuta tumesimama mbele ya ubao wa matangazo, akaweka mikono mfukoni, akasema, "Msilie. Mtihani ni bahati." Akaenda zake kunywa chai.

Bahati! Alipokuwa akifuta ulikuwa uzoefu, na mtu alipoanguka ukageuka bahati. Nimesoma chuo kikuu, nimesikia watu wenye majoho marefu wakisema upuuzi mwingi, lakini sijasikia neno lililonikera kuliko hilo. Waliopasi aliwahesabu kuwa kazi ya mikono yake. Walioanguka aliwatupia bahati. Wala hakuna aliyemwita ofisini kumuuliza. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo.

Nilimsindikiza Kadzo kwao. Tulimkuta hawe wake, yaani nyanya yake, akichambua kunde. Tukamwamkia, tukamweleza yote. Nilidhani atamliwaza mjukuu. Hawe akasukuma ungo pembeni.

"Swali liliuliza habari zetu, nawe ukaliacha?"

"Mwalimu alisema haitatoka, hawe."

"Mwalimu alifuta ubao. Kichwani mwako aliingia vipi? Ulimfungulia nani?"

Kadzo akaanza kulia. Hapo nami hasira zikanipanda, nikasahau adabu. "Hawe, usimwonee. Nanyi wazee mmetuhadithia kila jioni kama hadithi za sungura na fisi. Lini mlituambia kuwa hii ni historia?"

Nilingoja nitukanwe. "Na nyie," akasema, "mliporudi na vitabu vyenu, lini mliniuliza?"

Kisha akamvuta Kadzo, akamlaza kichwa mapajani pake, akaniamuru mimi mwenye mdomo nimalize kunde. Nikazimaliza. Kadzo yuko Marereni mpaka sasa. Anakokota chumvi, na maji yale ya chumvi yamemla nyayo. Akiniona hufurahi kweli. Mimi ndiye nishindwaye kumtazama bila kukunja ngumi.

Sasa sikia, mwanangu. Hujaniuliza usome nini, umekuja kunitangazia ulichoambiwa uache. Mimi nakwambia usiache mada kwa kuwa mtu amesema haitatoka. Muulize amejuaje. Akikasirika, basi hajui. Wakati ni mfupi, naelewa, na huwezi kusoma kila kitu kwa uzito mmoja. Basi anza na unachokiogopa, maana ndicho usichokijua. Kisha soma zile mada zinazobeba nyingine: ukielewa kwa nini watu walipinga utawala wa kigeni mahali pamoja, utaweza kusimama hata ukiulizwa mahali pengine. Ya kukariri neno kwa neno yaweke mwisho. Unachokijua tangu nyumbani usikidharau. Nenda kaulize wazee wako, linganisha na kitabu, na pande zote mbili uzitilie shaka, kisha ukipange kwa lugha ya mtihani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na akili za kuambiwa, changanya na zako. Na hizi zangu pia.

Ukifika ukumbini ukaona swali limeuliza unachokijua, andika. Andika hata kama kilifutwa, hata kama kilichekwa. Acha msahihishaji akikatae yeye mwenyewe kwa kalamu yake. Usimfanyie kazi hiyo.

Mola akupe afya na macho ya kusomea. Akupe walimu wema, na wakikosekana, akupe ulimi wa kuwauliza. Heshima ya kuwaamkia wakubwa akuzidishie. Ile nyingine, ya kunyamaza na jibu lako kifuani, akunyime kabisa.