Jiwe la Kumi na Moja

Juzi mjukuu wangu alichora kwa rangi za maji jengo lile la zamani la mawe pale Eldoret mjini, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Memsabu mmoja wa Kizungu alikuwa akilichora hilohilo. Baba, fundi aliyelijenga, alikuwa ameketi mlangoni akinuka chokaa na jasho.

"Wewe, toka hapo, unaziba mlango!" memsabu akamfokea.

Baba akatoka, akaitazama karatasi. "Memsabu, kozi ya tatu, safu hii ya mawe, ina mawe kumi na moja. Hapa umeweka kumi."

Memsabu akahesabu tena, akaongeza jiwe. Mimi nilidhani akimaliza mawe atamrudisha Baba mlangoni amchore naye, nikangoja mpaka rangi ikakauka.

Nilipozeeka, baada ya uchaguzi wa 2007, vijana walituchomea nyumba kule Yamumbi, kando ya Eldoret, wakisema sisi ni wageni wa juzi. Sikuwa na picha ya Baba mlangoni pale kuwaonyesha.