Saruji ya Celedonio, Udongo wa Orlinda

Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijavuka mlima, na Orlinda Maestas ameshazamisha mikono kwenye tope hadi viwiko. Anakanda, anatoa kijiwe, anafikicha kidogo kati ya vidole.

"Bado," anasema. "Hili litapasuka. Ongeza mchanga, mzee."

Mzee ni mumewe, Celedonio, naye anaongeza mchanga bila kubisha. Hapa Los Alisos, kaskazini mwa New Mexico, wanaume huchanganya udongo na wanawake hukandika kanisa la kijiji. Mwanamume akigusa ukuta wa kanisa hutaniwa mpaka Krismasi.

Orlinda ana miaka 68. Siku nyingine hukandika nyumba na matanuri ya watu wa bondeni kwa dola 20 kwa saa, na jioni mgongo humkumbusha kila ndoo. Kanisani halipwi kitu. Hula maharage na mikate myembamba ya tortilla kwa pilipili nyekundu, sawa na wenzake.

Kando ya mlango kuna kibao cha shaba kinachosema jengo hili ni la kihistoria, la mwaka 1816. Wageni hukipiga picha. Orlinda hukicheka.

"1816 wapi? Udongo wa huku mbele tuliupaka mwaka jana. Mvua inakula, sisi tunarudisha. Tukiacha miaka kumi, watabaki na kibao chao."

Mwaka huu, hata hivyo, kicheko chake ni kifupi. Ukuta wa kaskazini, mkubwa kuliko zote, umevimba tumbo.

Mwaka 1984 Celedonio alikuwa msimamizi wa kanisa, naye akaufunika ukuta huo kwa saruji. Kijiji kizima kilishangilia, kondoo akachinjwa. "Nilimwonea huruma mke wangu," ananiambia. "Mikono ilikuwa inampasuka mpaka damu. Nikaona saruji ni zawadi."

Zawadi ikageuka jipu. Saruji ilipata nyufa, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea. Udongo wa ndani ukalowa mwaka hadi mwaka, na chini kabisa ukawa uji.

Kwenye kikao cha kijiji, majira ya baridi, baadhi walitaka ukuta ubomolewe na kujengwa wa matofali ya saruji, kisha upakwe rangi ya udongo. Wageni hawatajua, walisema.

"Kwani sisi ni wageni?" Orlinda akauliza.

Wakapatana hivi: ukuta ukivuliwa saruji, ukazibwa na kukandikwa kabla ya mvua za Julai, utabaki. Usipokuwa tayari, tingatinga litaitwa.

Sasa Juni inakwisha. Matofali yaliyooza chini yametolewa na mapya ya udongo yamewekwa. Imebaki saruji ya juu, chini ya ukingo wa paa, na kila mchana mawingu hujikusanya mlimani. Celedonio anapanda ngazi na nyundo, akigonga kwa upole mno.

"Kaka, gonga!" anapiga kelele Prudencia, dada yake. "Ulipokuwa unaipaka hukuwa na aibu hizo!"

"Nyamaza wewe. Kondoo wa sherehe ulimla."

"Nilimla mguu mzima. Ndiyo maana nimekuja kulipa."

Watu wanacheka. Kipande kikubwa kinabanduka na kuanguka kwa kishindo, vumbi linatanda. Likitulia, Celedonio ameshusha nyundo.

"Orlinda," anaita. "Njoo uone."

Juu kule, ambako maji hayakufika, udongo wa mwisho kupakwa kabla ya saruji ni mkavu na mzima. Umejaa michirizi ya vidole, upinde juu ya upinde. Vidole vitatu virefu, na cha pete kifupi, nusu.

Orlinda anakitambua kidole hicho kabla hajafika juu. Mashine ya kusaga mahindi ilimkata mama yake, Eloisa, ambaye alifariki mwaka 1991. Anaweka mkono wake ndani ya michirizi ile na kulia mbele ya watu wote, bila kujificha.

"Wifi, tusipaguse hapo," Prudencia anasema kwa sauti ya chini. "Tuweke kioo."

"Angalau saruji yangu imetunza kitu," anasema Celedonio.

Orlinda anatazama mlimani. Mawingu yameshakuwa meusi. Mahali palipo wazi ndipo maji yatakapoingia, na hilo kila mtu pale analijua.

"Mama akikuta tumeacha tundu kwenye kanisa kwa ajili yake, atafufuka atuchape," anasema, akijifuta kwa bega. "Leteni tope."

Celedonio anampandishia ndoo. Anapogeuka kushuka, mkewe anamshika shati.

"Unakwenda wapi? Paka na wewe."

"Mimi? Watanitania."

"Mpaka Krismasi."

Wanaufunika mkono wa Eloisa pamoja, Orlinda akisawazisha, Celedonio akiharibu na kusawazishiwa. Saa kumi jioni mvua inashuka. Watu wamejibanza mlangoni. Maji yanateremka ukutani yakiwa na rangi ya chai, yanachukua kidogo, kisha yanakoma. Ukuta umesimama.

Kesho yake Orlinda anaeleza anachokitaka sasa, na si ukuta wa kudumu. Ana mabinti wawili Denver ambao hawajawahi kugusa tope. "Saruji ilitupumzisha," anasema. "Kuta zilizobaki sisi wazee tuliziweza, basi watoto hawakuitwa, wakazoea kutokuja. Naomba udongo huu uliwe upesi."

Ameshawapigia simu. Amewaambia ukuta wa bibi yao umeanza kuliwa na mvua, waje Juni ijayo na nguo za kuchafua.

Anaponieleza hayo, udongo wenyewe bado ni mbichi.