Kumi na Mbili

Mkaguzi wa kiwanda chetu cha nyavu za chuma, hapa Kolwezi, ana kioo cha kukuzia. Kila asubuhi hukipulizia pumzi, hukifuta kwa leso safi, huinamia wavu kimya kama daktari bingwa, kisha hutangaza: "Kumi na mbili!" Matundu kumi na mawili kwa inchi, mwaka mzima. Mawe makubwa yakipenya wavu huo mgodini, anayefukuzwa ni mfumaji. Jana mfumaji Shida alimsihi: "Tata, angalia muzuri, pale waya imekatika. Batanifukuza!"

"Kumi na mbili!"

Ndipo nilipoona kwamba anachokifuta kila siku ni duara tupu la chuma, lisilo na kioo ndani. Mimi, karani wake, nisiyethubutu kusema, nikapitisha kidole katikati ya duara hilo.

"Toa kidole, mademoiselle. Unaziba tundu ya tatu."

Akaupigia wavu mhuri wa kuupitisha. Shida akaanza kukusanya vitu vyake.