Wiki ya Mwisho ya Kapteni

Nilipoajiriwa kuwa rubani msaidizi, kampuni yetu ilikuwa na makapteni wa kutosha, wakigombea hata zamu za Geita. Tulirusha ndege ndogo za abiria kutoka Mwanza. Tuliwapeleka wafanyakazi kwenye viwanja vya migodini, tukawarudisha waliomaliza zamu zao, na mara mojamoja tukapitia Shinyanga kuchukua wafanyabiashara.

Kisha makapteni wakaanza kupungua. Mmoja alipata mkataba wa kurusha madege makubwa ya mizigo huko Uarabuni, akamvuta mwenzake. Wa tatu akaenda kwenye ndege za kukodi, zile zinazowapeleka matajiri na watu wa misaada popote wanapotaka. Nilipomsimulia kaka yangu, anayechimba dhahabu Mwakitolyo, alicheka.

"Kumbe na ninyi mna rashi," alisema.

Rashi ya kwao machimboni ni hiyo: ikisikika kwamba duara, yaani shimo la machimbo, la mahali fulani limetema dhahabu, watu hubeba sururu alfajiri na kambi nzima hubaki na mbwa. Sikucheka naye. Waliobaki kwetu ndio waliobeba zamu za walioondoka, na aliyebeba nyingi kuliko wote alikuwa kapteni wangu.

Alikuwa mtu wa Tanga, amenizidi umri sana, mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani yake kwa ncha ya tai kabla ya kuwasha injini. Kila nilichojua kuhusu anga ya kanda ile alinifundisha yeye: mvua za upande wa ziwa zinavyotembea, vilima vya Geita vinavyojificha nyuma ya ukungu mwembamba usioutilia shaka. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na hata tukiwa angani sikuwahi kumbishia neno. Naye alikuwa ameshatoa taarifa ya kuacha kazi. Mkataba wake wa mizigo ulikuwa tayari, na ile ilikuwa wiki yake ya mwisho nasi.

Siku hiyo tuliondoka Mwanza mchana, ndege imejaa wafanyakazi wa mgodi wanaokwenda kupokea zamu. Asubuhi tulikuwa tumeshakwenda Kahama na kurudi, na siku iliyotangulia vivyo hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu. Msimamizi wa safari alitufuata hadi kwenye ngazi ya ndege.

"Kapteni, nakuomba, hawa wafike leo," alisema. "Mgodi wamepiga simu asubuhi nzima."

"Watafika," kapteni akajibu.

Tulipokaribia Geita, mbele yetu palisimama mvua kama ukuta wa kijivu. Pembeni kulikuwa na upenyo, na mtu wa uwanja alituambia kwenye redio kwamba kwake bado yanadondoka matone tu. Kapteni akashusha ndege kuelekea upenyo ule. Kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo kwa sauti, na kuangalia nje ili nimwambie nikiuona uwanja.

Upenyo ukajifunga. Mvua ikaanza kukipiga kioo cha mbele kwa kelele hata ikabidi nipaze sauti.

"Siuoni uwanja, Kapteni."

"Utatokea."

Tuliendelea kushuka. Nilikijua kimo ambacho hatukutakiwa kukipita bila kuuona uwanja, na nilikiona kikipita. Nikatazama nje. Weupe mtupu. Nikamtazama yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele kidogo, mikono imeshika usukani, na uso wake haukuonyesha hofu wala haraka. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia maneno yako kutoka chumba cha pili.

"Kapteni, siuoni uwanja. Tupande."

Hakujibu.

Sheria tuliyofundishwa ni nyepesi kuikariri. Mwenzako ukimwonya mara mbili asifuate, unachukua ndege. Hakuna aliyenifundisha jinsi ya kuichukua kutoka kwa mtu niliyemwamkia asubuhi ile kama baba yangu.  Nikausukuma mkono wangu mbele, juu ya mkono wake, nikaongeza nguvu ya injini na kuvuta usukani.

"Nimechukua ndege," nilisema.

Wakati huohuo mashine ya tahadhari ikaanza kupiga kelele ya kututaka tupande. Chini yangu, kwenye tundu la ukungu, niliona vilele vya miti, karibu kiasi cha kuona matawi yakiyumbishwa na upepo. Kisha yakafunikwa. Nyuma mwanamke mmoja alikuwa akimwita Yesu kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Nilishikilia usukani nikihesabu kimo kikipanda, na sikuthubutu kutazama kushoto kwangu.

Mpaka tulipotoka juu kwenye jua ndipo kapteni aliposema, taratibu, "Ndege ni yako. Nitashika redio."

Mwanza nako kulikuwa kumefunga, kwa hiyo tulielekea Shinyanga, ambako anga ilikuwa safi. Nilitua mwenyewe. Tulipozima injini, abiria walishuka kimya, isipokuwa kiongozi wao, aliyetaka kujua tutaondoka tena saa ngapi. Simu ya kapteni ikalia. Nilimsikia msimamizi wa safari akisema mvua ya Geita imepita, tujaze mafuta turudi.

"Sirudi," kapteni alisema. "Nimechoka. Nimechoka kiasi kwamba si halali kwangu kushika ndege. Tafuta Kosta iwapeleke kwa barabara."

Msimamizi aliongea kwa muda mrefu. Kapteni alimsikiliza mpaka mwisho, akasema tena, "Sirudi," akakata simu.

Abiria walipoondoka tulibaki wawili kwenye kivuli cha bawa. Nilisubiri anikaripie, au aniombe ninyamaze. Nilikuwa sijui kipi ningekiogopa zaidi. Alivua miwani, akaifuta.

"Nilikusikia mara ya kwanza," alisema. "Ya pili sikuisikia kabisa. Nadhani nililala, binti. Macho wazi."

Akairudisha miwani usoni.

"Taarifa ya leo nitaiandika mimi, kama ilivyokuwa. Wewe usiifiche, na usinihurumie."

Ndege ingelala pale mpaka asubuhi, na nyumbani kwetu Samuye hapakuwa mbali. Nilimwambia twende akale, tusibaki kukaa tu. Mama alitupokea uani, ameshika ungo wa choroko. Alikuwa amemzidi kapteni umri, kwa hiyo kapteni aliinama akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Ndiye anayekufundisha?" aliniuliza.

"Ndiye, mama."

Alituwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, na maziwa ya mgando. Kapteni alikula kama mtu aliyesahau kwamba kuna chakula duniani. Mama alimtazama kwa kuridhika, kisha akaanza kumshukuru kwa kunitunza huko juu. Aliposema hivyo nilitazama chini. Nilitaka asiendelee.

"Mama," kapteni alimkatiza kwa upole, "leo yeye ndiye aliyenitunza mimi. Bila yeye tusingekuwa hapa."

Mama alisimamisha mkono uliokuwa ukipepeta. Alinitazama, akamtazama yeye, na nikajua ameelewa zaidi ya alichoambiwa. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza jambo jingine.

"Nasikia unaondoka. Unaacha watu, unakwenda kubeba mizigo?"

"Ndiyo, mama."

"Mzigo haukusalimii, baba."

"Haunisalimii. Lakini huko tukimaliza masaa yetu, anakuja rubani mwingine kupokea. Hapa hakuna wa kunipokea."

"Na huyu?" Mama alininyooshea ungo. "Ukishaondoka, yeye nani atampokea?"

Kapteni aliweka bakuli chini.   Mama akaendelea kupepeta choroko zake. 

Aliandika taarifa ile kama alivyosema, na niliisoma. Haikuwa na neno la kujitetea. Wiki hiyo hakuruka tena. Alikwenda zake bila sherehe, na miezi kadhaa baadaye alinipigia kutoka mji ambao jina lake alilitamka kwa shida. Alikuwa amebeba maua, alisema, na kabla ya hapo minofu ya samaki. Analala vizuri. Mkewe anamwona kwa simu zaidi kuliko kwa macho, na hilo hajalizoea.

Mimi nilipewa kiti cha kapteni mapema kuliko ilivyokuwa desturi, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Msimu wa mvua uliofuata, msimamizi yuleyule alinifuata kwenye ngazi ya ndege na maneno yaleyale. Niliitazama anga ya upande wa Geita, nikamwambia tunangoja.

"Mgodi watatuvunjia mkataba," alisema.

"Basi tafuta kapteni mwingine."

Alinitazama. Wote wawili tulijua hayupo. Nilihisi ajabu: kule kuondoka kwa wenzangu, kulikotuchosha karibu tufe, ndiko kulikonipa uwezo wa kukataa. Tuliketi, abiria wakanung'unika, na kwa kweli mvua haikunyesha. Anga ikafunguka yenyewe, tukaondoka tumechelewa, na msimamizi hakunisemesha siku mbili tatu.

Watu wa mizigo wameniandikia mimi pia. Nimewajibu kwamba kwa sasa siji. Kaka yangu anasema nina wazimu. Mama hajasema lolote, ila kila nikimpigia simu ananiuliza kwanza kama nimelala.