Bwana Hivi Karibuni

Watu wengi walimjua kwa masikio tu. Waliweza kupishana naye dukani, mkate kwapani, wasimtupie hata jicho. Lakini taa za ukumbi wa sinema zikishazimwa, na ile sauti nzito ikaanza kuporomoka kutoka kwenye spika, "Hivi karibuni... mtu mmoja... atalazimika kuchagua," hata wale waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna. Mafundi wa studio wakambandika jina la Bwana Hivi Karibuni. Majirani wakalidaka, likamganda.

Zamani alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Siku moja bwana mmoja mwenye kampuni ya kusambaza filamu alikwama pale, na kadiri alivyomsikiliza akitangaza kwamba treni imechelewa ndivyo mwili ulivyomsisimka. Mwisho akapanda ngazi hadi kwenye chumba cha matangazo, akabisha hodi.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe ukisema treni imechelewa, mtu anadhani kuna jambo zito limetokea huko njiani. Njoo unifanyie trela, yale matangazo ya filamu zijazo."

Jioni alipofika nyumbani na habari hiyo, alimkuta shemeji yake, kaka wa mkewe, amejinyoosha sebuleni.

"Nimepata kazi ya trela," akawaambia.

"Trela?" Shemeji akaketi vizuri. "Na leseni ya magari makubwa umeipata lini?"

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo, kila shemeji alipopiga simu, swali la kwanza lilikuwa wiki hii amebeba mzigo gani.

Kazi yenyewe ilifanyika kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa sponji ya kijivu. Picha zilipita kwenye skrini bila sauti: gari linaruka daraja, mwanamke anafungua barua, mlango unafungwa. Yeye anasoma maneno yake kwenye kipaza sauti, na upande wa pili wa kioo fundi wa mitambo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, anamwonyesha dole gumba. Filamu nzima hakuletewa. Alijua mianzo ya hadithi nyingi kuliko mtu yeyote mjini, na miisho yake karibu hakuijua kabisa.

Koo ndilo lililomlisha, naye akalitunza kama yai. Hakupiga kelele, hakunywa cha baridi, hakuimba. Ikikaribia siku ya kurekodi, nyumbani alifunga mdomo kabisa. Mkewe akajifunza kusema kwa niaba yake. Binti yao wa pekee akija kuomba ruhusa ya jambo, mama alimtazama mumewe nyusi, kisha akatoa hukumu: "Baba yako amekubali." Wageni wakishangaa, aliwaambia, "Msijali, mimi ndiye spika yake ya nyumbani."

Kisha mkewe akaugua, ugonjwa usiompa mtu nafasi ya kujipanga, akafariki.

Siku ya maziko shemeji alimwinamia sikioni. "Sema neno, shemeji. Hata dogo."

Akasimama. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga kichwani tangu alfajiri. "Mke wangu," akaanza. Kilio kilikuwa kimemkaba, ikabidi atulie kidogo. "Alikuwa..." Akatulia tena. Sauti ilitoka nzito, ya polepole, na mapengo yake yakaangukia palepale yanapoangukia kwenye trela. Huko nyuma, kwenye viti vya plastiki, mtu mmoja akapumua kicheko puani. Mwingine akanong'ona, "Hivi karibuni." Haukuwa ubaya, kicheko kiliwaponyoka tu. Lakini masikio yake yalikuwa ya kazi, hayakukosa kitu. Akajaribu kuilegeza sauti, ikatoka kama ya mtu anayewafanyia watoto mzaha. Akafumba mdomo, akaketi.

Binti yake alikuwa mbele kabisa. Kicheko hakukisikia. Alichokiona ni baba amesimama, amesema maneno matatu, ameketi. Alikaa siku chache, akapika, akafua, akarudi mji wa mbali anakofanya kazi. Baada ya hapo simu zikawa za kutimiza wajibu.

"Umekula, baba?"

"Nimekula, mwanangu."

"Haya. Ulale salama."

Hakukuwa tena na mtu wa kumsemea, lakini alinyamaza vilevile. Mchana mwingine alikata tiketi ya sinema, akakaa safu ya nyuma, akajisikiliza akiwatisha watu. Filamu ilipoanza, aliondoka.

"Siku hizi unasoma mara moja tu, hukosei," fundi wa mitambo alimwambia. "Zamani ulikuwa unateleza teleza."

"Zamani nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani."

Mwaka uliofuata binti alikuja kuchukua cherehani ya mama yake. Baada ya chakula, akiwa anaosha vyombo, alisema bila kugeuka, "Baba, nimejizuia sana. Mama alizikwa, na wewe ulishindwa kumsemea hata sentensi moja. Wewe, ambaye kazi yako ni kusema."

Ndipo akamweleza, taratibu, kuhusu viti vya nyuma.

Maji yaliendelea kumiminika. "Nani alicheka?"

"Simjui. Hakuwa mtu mbaya. Pengine hata mimi ningecheka."

"Ulitaka kusema nini?"

Aliogopa kufungua mdomo. Kisha akasema, kwa sauti ileile, kwa kuwa nyingine hakuwa nayo: "Mke wangu alikuwa akinijibia. Miaka yote hiyo hakukosea hata mara moja, nami sikuwahi kumwambia."

Binti hakucheka. Alifunga bomba, akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Alikuwa anakosea, baba," akasema. "Ulikuwa unakunja uso kabisa, mama ananiambia umekubali."

"Ile safari ya shule?"

"Na ile pia."

Baba akacheka, na kicheko kikamkwaruza kooni kwa kutotumika.

Kesho yake binti aliondoka na cherehani yake. Simu zimerefuka kidogo sasa, na mara mojamoja humwomba amwelezee filamu anazozisomea trela, ingawa hawezi kumwambia zinaishaje. Lakini ana kazi na watoto wake wadogo, na akishakata simu, nyumba hurudi ilivyokuwa. Asubuhi moja mzee alijikuta anasema peke yake jikoni, kwa sauti, kwamba chai imepoa. Akasubiri kidogo. Kisha akairudisha kwenye moto, akaenda kutafuta viatu vya kwendea kazini.